Ziada Chini ya Ankara: Tarikhi ya Moto wa Nyumbani Katika Uingereza

Baina ya mwenye nyumba na fundi wake hakuna ugomvi ulioishi umri mrefu kama ule unaozuka siku ya hesabu, pale kazi imekwisha, vumbi limefagiwa na zana zimefungwa, ndipo mwenye nyumba aipokeapo ankara na kuona kwamba chini ya jumla waliyopatana yameandikwa mambo mawili matatu ambayo hakupata kuyasikia wala kuyatolea kauli. Kwetu pwani ugomvi huu aghalabu hukaa juu ya paa, au kisimani, au katika shimo la choo. Lakini katika Uingereza, nchi ambayo karibu nusu ya mwaka mtu hakai nyumbani kwa raha pasipo moto, makao yake makuu yamekuwa ni vyombo vya kuitia nyumba joto: meko na dohani katika zama za wazee, na siku hizi boila, mabomba na rejeta zilizotundikwa ukutani. Tarikhi yake yastahili kusimuliwa, kwa kuwa jambo hili ambalo watu huliona kuwa ni tamaa ya mafundi tu, asili yake ni swali ambalo wafalme, mahakimu na wasanifu wa majengo wamelijibu kila mmoja kwa namna yake, tena kwa jawabu zisizopatana: kile kilichofichika ndani ya ukuta au chini ya sakafu, ambacho hapana aliyekiona siku ya mapatano, hasara yake ni ya nani?

Jawabu moja la kale limehifadhiwa na Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika vitabu kumi juu ya ujenzi katika zama za Kaisari Augusto, na ambaye katika kitabu cha tano ameeleza pia jinsi Warumi walivyozipasha moto sakafu za hamamu kwa kuzisimamisha juu ya nguzo fupi za matofali, ili hewa ya moto itokayo tanurini ipite chini yake. Katika dibaji ya kitabu cha kumi asimulia kwamba mji wa Efeso ulikuwa na sheria ya mababu, kali lakini yenye insafu: msanifu akabidhiwapo kazi ya mji sharti ataje gharama yake, na akiisha kuitaja, mali yake huwekwa rehani kwa hakimu mpaka kazi itimie. Matumizi yakilingana na kauli yake, hutukuzwa mbele ya watu. Yakizidi kwa kiasi kisichopita robo, ile ziada hulipwa na baitulmali, naye haadhibiwi. Lakini yakipita robo, kilichozidi hutolewa katika mali yake mwenyewe. Vitruvius akatamani Warumi nao wangalikuwa na sheria kama hiyo, si kwa majengo ya umma tu bali hata kwa nyumba za watu binafsi. Watu wa Efeso hawakujidai kwamba fundi aweza kuona chini ya ardhi. Walimpa robo kwa ajili ya ujinga ambao ni wa wanadamu wote, na kilichopita hapo wakakihesabu kuwa ni uzembe au udanganyifu. Katika yote yaliyofuata sijaona mizani iliyonyooka kuliko hiyo.

Waingereza walianzia upande mwingine, kwa maana ziada kubwa ya kwanza iliyowaangukia wenye meko haikutoka kwa fundi bali kwa serikali ya mfalme. Mwaka 1662, Charles wa Pili akiwa ndiyo kwanza amerejea katika kiti cha baba yake na hazina i tupu, Bunge lilimwekea kodi ya meko: shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko moja, zilipwe kwa mafungu mawili, moja katika sikukuu ya Malaika Mikaeli mwezi wa Septemba, na jingine katika sikukuu ya Bikira Mariamu mwezi wa Machi. Maskini walisamehewa, na kiasi chenyewe hakikuwa cha kumfilisi mtu wa kadiri. Kilichochukiza ni namna ya kuihesabu, kwa kuwa mtoza kodi aliruhusiwa kuingia ndani, apite chumba hata chumba, hata chumba cha kulala, akihesabu mahali pa moto, na mwenye nyumba amesimama mlangoni hana la kusema. Wengine waliziba meko zao kwa matofali. Katika daftari za kodi hiyo limesalia jina la Thomas Farriner, mwoka mikate wa Pudding Lane mjini London, aliyeandikiwa meko 5 na tanuri 1; na ni katika nyumba hiyo hiyo ulikozuka ule moto wa Septemba 1666 ulioteketeza nyumba zaidi ya 13,000. Na katika kijiji cha Churchill, jimbo la Oxfordshire, husimuliwa kwamba mwaka 1684 mwoka mikate mwingine, kwa kukwepa kodi, alitoboa ukuta apitishe moshi wake katika dohani ya jirani, kijiji kikashika moto na watu wanne wakafa. Mwaka 1689 William na Mary walipotawazwa, miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyofanywa kuwaridhisha raia ni kuifuta kodi hiyo.

Moto wa London uliwaacha watu na mji wa kujenga upya kwa matofali na mawe, na ndipo lilipowajia kwa nguvu suala la ujira wa mafundi. Aliyelieleza kwa uwazi kuliko wote ni Christopher Wren, msanifu wa kanisa la Mtakatifu Paulo, katika barua aliyomwandikia Askofu John Fell wa Oxford mwaka 1681, juu ya mnara wa lango la chuo cha Christ Church. Njia za kufanya kazi, alisema, ni tatu: kwa kutwa, kwa kipimo, na kwa jumla. Kwa kutwa, mwenye kazi hulipa kila siku ichomozayo jua, hivyo uvivu wa fundi na kila kilichojificha ukutani ni juu yake yeye; kwa jumla, fundi hutaja bei moja na mzigo wote wa ghaibu huhamia mabegani mwake, naye, akiona ameumia, hutafuta pa kujiokoa kwa kuipunguza kazi penye macho haba; na kwa kipimo, bei ya kila futi ya ukuta au ya mbao hupatanwa mapema, kisha kazi ikiisha hupimwa, na kila mtu akapata kilicho chake. Wren aliipendelea njia ya kipimo. Katika njia hiyo ndimo ilimokulia taaluma ya mkadiriaji majenzi, mtu ambaye ujira wake wote ni kusimama baina ya wawili na kuhesabu. Lakini mkadiriaji ni wa majengo makubwa, na mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne anayetaka kubadilishiwa meko hajapata kuwa na uwezo wa kumwajiri. Yeye amebaki na fundi wake, na kauli ya mdomo, na kwa kawaida na bei ya jumla.

Juu ya bei ya jumla mahakama za Kiingereza zilikuwa na moyo mgumu. Msingi waliujengea baharini: mwaka 1795 iliamuliwa kesi ya Cutter na Powell, ya baharia aliyeahidiwa gini 30 akiutimiza msafara kutoka Jamaica hadi Liverpool, akafa njiani yakiwa yamesalia kama majuma matatu kuingia bandarini, na mjane wake asipewe hata peni moja, kwa kuwa aliyeahidi msafara mzima hana haki ya sehemu ya msafara. Sheria hiyo ya baharini ikapandishwa nchi kavu. Mwaka 1898 mjenzi aliyepatana kujenga nyumba mbili na mabanda ya farasi kwa pauni 565, akafanya kazi ya thamani ya pauni 333 kisha fedha zikamwishia akaiacha, aliambiwa kwamba hadai kitu isipokuwa thamani ya vifaa alivyoviacha pale, ambavyo mwenye kiwanja alivitumia kumalizia. Na kwa habari ya ghaibu, kauli ya mwisho ilitoka mwaka 1876 katika kesi ya daraja la Blackfriars. Mkandarasi alikuwa amefuata michoro ya mhandisi wa mji wa London, michoro ile ikaonekana haiwezi kusimama mbele ya maji ya mto Thames, akalazimika kungojea maji yatoke ndipo afanye kazi, akapoteza muda na mali. Alipodai ziada, mabwana wa Baraza la Juu walimjibu kwamba hakuna aliyemhakikishia kuwa kazi yawezekana kwa njia ile, na mwenye kutaja bei bila ya kuchunguza amejitakia. Katika Efeso mtu huyu angalipewa robo yake. London hakupata kitu.

Haya yote yalipita, na moto wenyewe wa nyumbani ulikuwa haujabadilika sana. Hata baada ya Vita Vikuu vya Pili, Mwingereza wa kawaida alikuwa akiota makaa ya mawe katika meko iliyo wazi, uso ukiungua na mgongo ukiganda, na sehemu kubwa ya joto ikipanda na dohani kwenda kupasha mawingu. Kilichomtoa hapo ni moshi wake mwenyewe. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa uliketi juu ya London, mchana ukawa usiku, na hesabu ya wakati ule ikawa kama watu 4,000 waliokufa kwa sababu yake. Wataalamu wa baadaye wameipandisha mpaka kufikia 12,000. Mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi, iliyozipa halmashauri za miji uwezo wa kutangaza mitaa isiyoruhusiwa moshi, na kila mwenye nyumba katika mitaa hiyo akatakiwa kubadilisha meko yake iweze kuchoma makaa yasiyo na moshi, au gesi, au umeme.

Hapo ndipo swali la zamani liliporudi kwa sura mpya, maana mwenye nyumba huyu hakuomba kubadilishiwa kitu, bali ameamriwa. Sheria ikaamua kwa sehemu za kumi: saba katika kumi ya gharama iliyotumika kwa kiasi cha haki zirudishwe na fedha za umma, tatu zibaki kwa mwenyewe, na halmashauri ikipenda imwongezee. Maneno hayo, kiasi cha haki, yana uzito wake. Fundi aliyeandika zaidi ya kiasi cha haki hakumwibia mwenye nyumba peke yake bali na halmashauri pia, na halmashauri ina karani anayejua kila meko ya mtaa mzima imebadilishwa kwa kiasi gani. Kwa mara ya kwanza mwenye nyumba ndogo akawa na mtu wa kumsomea ankara.

Jambo kubwa zaidi lilifuata mara. Mwaka 1965 mtambo wa kuchimbia uitwao Sea Gem uligundua gesi asilia chini ya Bahari ya Kaskazini (mtambo huo huo uliporomoka Desemba ile ile, ukaua watu 13), na mwaka 1967 gesi ile ikaanza kuletwa pwani pale Easington, katika Yorkshire. Lakini vyombo vya watu vyote vilikuwa vimeundwa kwa gesi ya mji, ile iliyokamuliwa katika makaa ya mawe. Gesi ya baharini joto lake ni takriban maradufu, nayo yahitaji hewa nyingi zaidi ili iungue sawasawa, hivyo chombo cha zamani kikitiwa gesi mpya kitatoa ndimi ndefu za moto na moshi wenye sumu. Ikabidi kila jiko, kila boila na kila kipasha-maji katika nchi nzima kifunguliwe na vitundu vyake vya moto vibadilishwe. Kazi ilianza mwaka huo wa 1967 na kumalizika 1977, katika nyumba za wateja kiasi cha milioni 13. Mafundi walikwenda mtaa kwa mtaa: gesi ya zamani ikafungwa, mabomba yakasafishwa, wakaingia nyumba baada ya nyumba wakiwa na masanduku ya vipuri, na ilipofika jioni mama wa nyumba akaweza tena kuteleka chungu chake. Na kwa kazi yote hiyo mteja hakutozwa ujira. Hakika vyombo vya zamani mno visivyogeuzika vilileta maneno yake, na palikuwa na malalamiko ya majiko yaliyoharibiwa na mikono ya haraka. Lakini kazi kubwa kuliko zote zilizopata kufanywa katika mioto ya nyumbani ya taifa hilo ilipita pasipo ankara yenye ziada, na sababu yake ni nyepesi. Aliyekata shauri la kubadilisha, yaani shirika la gesi la umma, ndiye aliyebeba kisichojulikana, na kwa vile alijua kwamba yeye ndiye atakayekibeba, alikwenda mapema kuchungulia kila jikoni na kuandika vyombo vilivyomo kabla fundi hajatumwa.

Kazi za mafundi wa binafsi hazikuwa na mtangulizi huyo. Tume ya Parker Morris, iliyochunguza viwango vya nyumba, mwaka 1961 ilishauri kwamba nyumba mpya ziweze kufikishwa nyuzi 65 za Fahrenheit katika vyumba vya kukaa na 55 jikoni na koridoni, hali nje ni nyuzi 30. Kufikia mwaka 1972 nyumba 37 katika kila 100 zilikuwa na mfumo wa joto wa nyumba nzima, na kila aliyejua kukata bomba alijiita fundi. Mwaka huo huo wa 1972 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Bolton na Mahadeva, ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya Kiingereza huisoma. Fundi alipatana kutia mfumo wa joto kwa pauni 560. Akautia, lakini nyumba ilipata joto pungufu, vyumba vingine pungufu sana, na dohani ikawa inarudisha moshi ndani. Kutengeneza kasoro kungegharimu pauni 174 na nusu. Hakimu wa kwanza, kwa kufuata kesi ya mwaka 1952 ambamo mtengeneza samani alikatwa tu gharama za kasoro zake ndogo, alimpa fundi bei yake ikitolewa kiasi hicho. Majaji wa rufaa wakakataa: mfumo wa joto usiotia joto, tena unaotia moshi, si kazi iliyokaribia kutimia, na asiyetimiza kazi ya jumla hana haki ya kudai jumla wala sehemu yake. Baharia wa Jamaica alikuwa bado anahukumu. Kwa maoni yangu hukumu ile ilikuwa kali kupita haja, kwa kuwa mwenye nyumba alibaki na boila, mabomba na rejeta zisizolipiwa. Lakini iliwafunza mafundi kwamba bei ya jumla ni upanga ukatao pande mbili, na tangu hapo wakazidi kuandika makadirio badala ya bei iliyofungwa, na vijisharti vya herufi ndogo vikaongezeka chini ya karatasi.

Usalama ulikuwa na njia yake. Mei 1968 mpangaji wa jumba la Ronan Point, mashariki ya London, aliwasha kiberiti jikoni asubuhi ateleke chai, gesi iliyovuja ikalipuka, na pembe nzima ya jumba hilo la ghorofa 22 ikaporomoka, watu wanne wakafa. Mwaka 1970 likaundwa daftari la mafundi wa gesi, la hiari kwanza kisha la lazima, na tangu 2009 huitwa Gas Safe Register. Daftari hilo hulinda roho. Halisemi neno juu ya ankara.

Sasa mtu akiingia katika nyumba ya zamani ya mji wa Kiingereza kubadilisha boila, atakuta nini? Bomba la gesi litokalo kwenye mita lina upana wa milimita 15, ilhali boila mpya inayochemsha maji papo hapo huvuta gesi nyingi hata pengine lahitajiwa la milimita 22 sehemu kubwa ya njia. Ndani ya rejeta mna tope jeusi la kutu ya chuma, ambalo lisiposafishwa litaua boila mpya kama lilivyoua ya kwanza. Tangu Aprili 2005 sheria ya ujenzi imetaka boila ziwe za namna ya kuugeuza mvuke wa moshi kuwa maji, na maji hayo yahitaji bomba lake la kuyatoa, ambalo likipitishwa nje huganda barafu wakati wa baridi kali. Nyuma ya boila ya zamani pengine mna asbesto. Chini ya saruji pengine mna bomba lililooza. Haya matano hutajwa yote kwa sauti moja siku ya ankara, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, nayo sivyo. Upana wa bomba la gesi huonekana na yeyote atakayefungua kijikabati cha mita. Tope hujulikana kwa kufungua kizibo kimoja na kutazama rangi ya maji. Maji ya boila hayana siri, ni tabia yake. Fundi asiyeyataja haya matatu siku ya kwanza hakushindwa kuona, alishindwa kutazama, na ziada yake ni juu yake. Yaliyofichika kwa haki ni yale mawili ya mwisho, na hayo hata Efeso wangeyalipia.

Sheria ya leo nayo imekaribia hapo. Tangu 1982, na tena katika Sheria ya Haki za Mteja ya 2015, kazi isiyopatanwa bei hulipwa kwa kiasi cha haki, wala si kwa kiasi chochote fundi apendacho kuandika. Na kanuni za 2013 zimeamuru kwamba malipo ya nyongeza, juu ya yale ya kazi kuu, yapate idhini ya mteja waziwazi kabla hajafungwa na mkataba, wala kikasha kilichokwisha tiwa alama katika fomu hakihesabiwi kuwa idhini.

Kwa hiyo, wewe msomaji unayekaa London au Leicester, au uliye na jamaa huko anayelia na ankara ya namna hii, usilipe yote kwa haya wala usikatae yote kwa hasira. Lipa kile mlichopatana, ikiwa mtambo wafanya kazi. Kwa kilichobaki dai hesabu ya kila jambo mbalimbali, na ujira na vifaa vyake. Wapelekee mafundi wengine wawili waliomo daftarini uwaulize wao wangetoza nini. Na ikishindikana, mahakama ya madai madogo ya Uingereza na Wales hupokea madai yasiyozidi pauni 10,000 pasipo haja ya wakili. Na ikiwa kazi haijaanza, usikubali ubao mmoja wa sakafu ung'olewe kabla hujaandikiwa ni bei ipi imefungwa, na kwamba kila kitakachozidi utaulizwa kwanza.